Betri Aliyoibeba Bi Mwanaidi

Siku ile ndani ya ukumbi wa maendeleo wa Mlola tulikuwa watu hawa: Mzee Hizza, fundi wa injini wa kiwanda cha mbao, aliyekalia kiti pekee chenye mgongo, Mwalimu Elia wa shule ya msingi, kiongozi wa wapenzi wa mpira, na wenzake kumi na tisa ambao majina yao yamo kwenye daftari langu la zamu, Rajabu fundi cherehani, mpenzi wa magitaa, ambaye hakuwa na haja na mpira wala hadithi lakini hakukosa mahali penye redio, mdogo wangu Tekla na wanawake sita wa hadithi, Bi Mwanaidi wa Mnazi, aliyekaa chini karibu na mlango, khanga yake bado mbichi kwa mvua, na mimi Agnesi, mtunza redio, mwenye ufunguo. Mdogo wangu Bonifasi hakuwepo. Alikuwa Dar es Salaam, viatu vya mpira miguuni, na ni kwa sababu yake nilifanya nililofanya.

Nilistaafu mwezi uliopita. Ofisa wa elimu ya watu wazima ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoshika sasa funguo za kumbi na masanduku ya vitabu. Nadhani alitaka nieleze nilivyopanda cheo. Nilipanda mara mbili, na mara zote mbili ufunguo ulikuwa uleule na ufagio uleule. Nitaandika mambo mengine.

Mimi ni mzaliwa wa Gare. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla hatujavuna maharage ya msimu uliofuata. Nilikuwa darasa la nne, Tekla alikuwa na miaka sita, Bonifasi bado anabebwa mgongoni. Baada ya matanga ndugu walikaa kutugawa: shangazi amchukue huyu, mjomba yule. Nikasema hatugawanyiki. Mjomba akacheka, si kwa ubaya.

"Utawalea na nini, mtoto wewe?"

"Na mikono."

Akanitazama mikono kwa muda, kisha akatuhamishia wote watatu Mlola, kwenye kipande cha shamba lake. Shule niliiacha hapo. Nilipanda viazi na kabichi, nikabeba pea na plamu hadi kwenye gulio, na jioni nilikuwa nikisoma kwa sauti vitabu vya Tekla vya shule, yeye akinisahihisha. Hivyo ndivyo nilivyomaliza darasa la tano na la sita, kwa mlango wa nyuma.

Uhuru ulipokuja tukajenga ukumbi kwa kujitolea. Mimi nilikuwa katika kundi la kubeba mawe. Ukumbi ulipokwisha walitaka mtu wa kuufagia, nami nilikuwa naishi karibu. Nilifagia mwaka mzima ukumbi usiokuwa na kitu ndani isipokuwa mabenchi. Kisha Bwana Maendeleo akaja na gari kutoka Lushoto, akashusha redio kubwa ya mbao, spika, waya mrefu wa eriali na betri ya maji kama ya lori. Alinifundisha kazi yote kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, akanipa ufunguo wa sanduku, akaondoka kabla ukungu haujafunga barabara.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo sijawahi kumsimulia mkubwa wangu yeyote. Watu walipoondoka nilizungusha kitufe cha sauti hadi redio ikanyamaza kabisa, nikaifunika kwa shuka ili isipate baridi, nikaenda zangu kulala. Nilidhani kilichonyamaza kimezimwa. Asubuhi betri ilikuwa imekufa. Redio ilikuwa imekesha macho chini ya shuka langu bila kusema neno.

Kiwanda cha mbao kilikuwa kule juu msituni, mwendo wa saa mbili kwa mguu, na ndicho chenye injini ya kuchaji betri. Niliibeba kichwani. Nilipofika, Mzee Hizza alinitazama kabla hata sijamaliza shikamoo.

"Marahaba. Nani amekufundisha kubeba asidi kichwani kwa ngata ya khanga?"

"Hakuna, mzee."

"Naona. Shusha. Utazame bega lako."

Khanga ilikuwa na matundu kama wavu. Ninayo hadi leo. Siku ile alinipa ngata ya gunia, na kuanzia hapo akawa mwalimu wangu kwa miaka kumi na mitano. Alinifundisha kwamba betri haiwekwi sakafuni bali juu ya ubao. Kwamba hunywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chungu kisafi, si ya mtoni hata yawe yanang'aa namna gani. Kwamba vichwa vyake hupakwa grisi. Kwamba mawingu yakianza kunguruma, eriali inachomolewa kwanza, maswali baadaye. Alinipa pia kipimo, mrija wa kioo wenye boya dogo ndani. Ukivuta maji ya betri, boya linasimama kwenye rangi: kijani betri imeshiba, nyeupe iko nusu, nyekundu iache.

"Hiki," alisema, "hakimjui mwenyekiti wala hakimjui mumeo. Kipimo hakina ndugu. Wewe ukiwa na ndugu, shauri yako, lakini kikisema nyekundu, useme nyekundu."

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa maneno.

Sasa niwaeleze juu ya wapenzi, maana redio ilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa watu. Betri moja ilitosha kama saa saba kwa juma, na Mlola ilikuwa na mapenzi ya saa sabini. Walikuwapo watu wa mpira. Hawa walikuwa wengi na wenye sauti, na walikuwa na imani zao. Siku moja timu ya mkoa ilishinda wakati spika imeelekezwa upande wa Tanga kwa bahati tu. Tangu siku hiyo ilikuwa lazima spika itazame Tanga, hata mechi ichezwe wapi.

"Mechi iko Mwanza," Rajabu aliwaambia mara moja, "nyinyi mnaigeuzia Tanga?"

"Timu ni ya wapi?" akauliza Mwalimu Elia, mtu aliyefundisha jiografia.

Rajabu na vijana wake walikuwa watu wa magitaa. Walianza na dansi la nyumbani, kisha Rajabu akagundua kwamba ukizungusha mshale taratibu, mbali kabisa pembeni mwa kioo, unapata stesheni za mbali zinazopiga magitaa ya umeme kwa fujo. "Hii inaitwa roki, Dada Agnesi," alinieleza kwa heshima, kama anayemtambulisha mgeni. Mimi niliona ni sauti ya msumeno wa kiwandani umekutana na msumari. Lakini yeye alikuwa akifumba macho, na mguu wake ukikanyaga cherehani isiyokuwepo. Aliwashonea wenzake suruali za bugaluu, pana miguuni, wakitembea zinafagia uwanja, na mimi nikawaambia wapite polepole mbele ya ukumbi, wanipunguzie kazi.

Na walikuwapo watu wa hadithi. Siku za gulio, saa kumi na moja na nusu jioni, redioni kulikuwa na mtu akisoma kitabu, sura moja kila juma. Msomaji alikuwa na sauti tulivu, isiyoharakisha. Wanawake walikuja na kazi za mikono. Niliruhusu kusuka, nikakataza kupukuchua maharage, maana punje zikidondoka kwenye ungo unakosa nusu ya sentensi. Kusoma kwa sauti, ambako baadaye nilikufundisha katika madarasa ya watu wazima, sikujifunza chuoni. Nilijifunza kwa yule msomaji, kwa kusikiliza anavyoshusha pumzi kabla ya habari mbaya.

Ugomvi ulikuwa mwingi mpaka tukaitisha mkutano, na mkutano ukatoa sheria moja, ambayo naona bado ni nzuri. Betri ikishachajiwa, mtu huenda kuichukua kiwandani. Kundi la aliyeibeba kuja nayo ndilo lenye haki juma hilo: betri ikitosha, wote wasikilize, isipotosha, saa ya aliyebeba ndiyo inayolindwa, na redio haifunguliwi kwa jambo jingine kabla yake. Kuipeleka hakukuhesabiwa, kwa sababu, walisema, betri tupu hata mtoto anabeba. Uzito ni uleule, lakini mkutano ulikuwa umeshapiga kura.

Bi Mwanaidi hakuwa mtu wa Mlola. Alikuwa mama wa makamo kutoka Mnazi, huko chini nyikani, akipanda mlima siku za gulio kuuza mikeka. Wenzake walishuka saa nane. Yeye alibaki kusikia hadithi, kisha akalala kwa Tekla na kushuka alfajiri. Mwanzoni wanawake wetu walimtania.

"Mwanamke wa nyika, huogopi baridi?"

"Naiogopa. Ndiyo maana nakaa katikati yenu, mna nyama."

Kuanzia hapo alikuwa mwenzao. Alikuwa na namna yake ya kusikiliza. Kwa kila sura alisuka shupatu moja, ule ukanda mrefu wa milala unaoshonwa na mwingine hadi uwe mkeka, na kila shupatu alilitia rangi yake. Ukimuuliza habari za sura ya pili, alipapasa mafungu, akatoa shupatu jekundu, akakusimulia bila kuacha hata jina la ng'ombe. Sura ya tatu ilikuwa ya kahawia.

Kitabu cha mwaka ule kilimhusu mama mmoja ambaye mwanawe wa pekee alikwenda kutafuta kazi mashamba ya mbali, asirudi. Mama anauliza njiani, anapoteza shamba, anaendelea kungoja. Bi Mwanaidi naye alikuwa na mtoto mmoja, Athumani, aliyekwenda kukata mkonge na kukatika habari. Hakulisema mara nyingi. Alilisema mara moja kwa Tekla, wakati wanamenya viazi: "Nataka kujua tu yule wa kwenye kitabu kama anarudi. Nikijua wa kitabu, nitatulia." Tekla akaniambia. Kwa hiyo nilijua. Nataka hilo lieleweke: nilijua.

Tukafika juma la sura ya mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Betri ilikuwa juu kiwandani, zamu ya kwenda kuichukua ni ya watu wa mpira, nao walikuwa wamejifungia ndani wakijadili mechi, maana siku ileile ya gulio, saa tisa na nusu, timu ya mkoa ilikuwa inacheza Dar es Salaam. Kila mmoja alidhani mwenzake atakwenda. Bi Mwanaidi alikuwa amepanda siku moja mapema kwa ajili ya sura yake. Aliposikia betri haina wa kuibeba, akafunga khanga kiunoni.

"Nipeni ngata. Nimebeba mikeka iliyolowa tangu sijaolewa. Betri itanizidi nini?"

Tekla alimwonyesha njia hadi kwenye daraja la magogo, kutoka pale akaenda peke yake. Alirudi siku ya gulio saa sita mchana, matope hadi magotini, betri imekaa wima kichwani bila kumwaga tone. Nilimwandika kwenye daftari la zamu: *Amebeba: Bi Mwanaidi, hadithi.* Lilikuwa jina la kwanza la mtu wa Mnazi katika daftari lile.

Saa tisa watu wakajaa, hao niliowataja mwanzo. Mwalimu Elia alikuja kwangu mikono imekunjwa kifuani, ishara kwamba anajua hana haki.

"Dada Agnesi, tumekosa. Kubeba hatukubeba. Lakini leo ni Bonifasi! Jina lake limo. Wewe ndiye uliyemlea, utakaa na redio imefungwa?"

Bonifasi alikuwa amechaguliwa timu ya mkoa miezi miwili kabla. Mtoto niliyembeba mgongoni nikilima, niliyemtengenezea mpira wa makaratasi na kamba ya mgomba. Jina lake lingesemwa nchi nzima.

Bi Mwanaidi akasema kutoka mlangoni, "Betri inatosha vyote viwili?"

"Ikitosha, Bi Mwanaidi, utaturuhusu?" akauliza mwalimu.

"Ikitosha, sikilizeni. Mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu. Agnesi apime."

Ukumbi wote ukanitazama. Nikachukua kipimo, nikainama kwenye kona, mgongo kwa watu, nikavuta. Boya likapanda kidogo, likasita, likasimama chini ya nyeupe. Baadaye tulikuja kujua kwamba injini ya kiwandani iliharibika siku ya pili ya kuchaji, na fundi mwingine, mwenzake wa Mzee Hizza, ndiye aliyekuwa zamu, wala hakusema. Lakini sikuhitaji kujua hayo. Kipimo kilikuwa kimeshasema. Ilikuwa betri ya saa moja, labda na kidogo.

"Inatosha," nikasema.

Wapenzi wa mpira wakashangilia, spika ikageuzwa kutazama Tanga, nami nikafungua.

Kipindi cha kwanza Bonifasi alikuwa benchi. Kila mtangazaji alipotaja mchezaji mwingine nilimchukia mchezaji huyo. Mapumziko nilitaka kuzima tuokoe nguvu, watu wakapiga kelele kwamba huenda wakasoma majina. Sikuzima. Kipindi cha pili sauti ilianza kupungua, nikaongeza kitufe. Nikaongeza tena. Mzee Hizza aligeuza kichwa akanitazama, mara moja tu. Kisha mtangazaji akasema, anaingia Bonifasi, kijana kutoka milima ya Usambara. Tekla akapiga kigelegele. Mimi nikasogeza sikio kwenye spika. Nadhani nilisikia kama dakika tano hivi. Sauti ikawa kama ya mtu anayeondoka kwenye ukungu huku bado anakusimulia, nawe unaona aibu kumwita. Kisha ikaisha.

Watu walisubiri. Rajabu akasema tuitoe betri juani ipate moto, halafu akatazama nje, akakaa. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja kasorobo, na saa ya hadithi ilikuwa bado. Mzee Hizza aliinuka, akaja kwenye kona, akavuta kipimo mwenyewe. Alikitazama, akakirudisha kwenye ndoano yake, akaniambia kwa sauti ya chini, mimi tu nisikie:

"Hakina ndugu, Agnesi. Nilikwambia."

Akachukua kofia yake akaondoka. Hakuacha kunifundisha baada ya siku ile, lakini kuanzia hapo kila nilipopima, alipima tena.

Watu wa mpira walitoka wanabishana kama Bonifasi amefunga au hajafunga. Walibishana siku tatu. Wanawake wa hadithi walinung'unika kwa Kishambaa, maneno ambayo nilistahili. Bi Mwanaidi alikusanya mashupatu yake moja moja, akayafunga. Alipofika mlangoni akageuka.

"Nilibeba, Agnesi," akasema. Si zaidi.

Bonifasi aliporudi alituambia tulifungwa mbili kwa moja, na kwamba yeye aligusa mpira mara tatu, ya tatu kwa mkono. Sikucheka hadi miaka mingi ilipopita.

Juma lile ningeweza kushuka Lushoto kwa watu wenye redio zao, nikauliza sura iliishaje. Nilijiambia nina kazi. Ukweli ni kwamba sikutaka kumwuliza mtu, halafu aniulize kwa nini mtunza redio haijui. Gulio likafika. Bi Mwanaidi alikuja moja kwa moja ukumbini kabla hata hajatandaza mikeka.

"Umeulizia?"

"Nimeulizia."

"Kijana alirudi?"

Nilimtazama. Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja.

"Alirudi," nikasema.

Akashusha pumzi. Nilidhani yameisha, lakini mpenzi wa hadithi haridhiki na neno moja.

"Alirudi wakati gani?"

"Jioni."

"Amevaa nini?"

"Koti."

"Koti gani?"

"La kijivu."

Akauachia mlango. "Na mama yake akampa nini?"

"Maji ya kunywa."

"Naam," akasema. "Angempa maji." Akaniambia ahsante, akaenda kutandaza mikeka yake. Wengine wote waliponiuliza niliwajibu hivyohivyo, na kwa miaka kadhaa kule Mlola hadithi ile iliishia kwenye koti la kijivu. Nimewahi kumsikia mama mmoja mtoni akimsimulia binti yake, na koti lilikuwa limeshaongezwa vifungo vya shaba.

Miaka iliyofuata mambo yalibadilika. Vijiji vya ujamaa vikaanzishwa, watu wa nyikani wakahamia kando ya barabara, na Bi Mwanaidi akaacha kupanda mlima, magoti, walisema. Redio ndogo za betri kavu zikaingia, kila mpenzi akawa na yake kwapani. Mwalimu Elia alielekeza ya kwake Tanga akiwa nyumbani peke yake. Ukumbi ukapungua kelele, nami nikaanza kufundisha kusoma madarasa ya jioni, watu wazima wenye miwani ya kuazima na mikono iliyozoea jembe. Ningeweza kuwaandikia kitabu juu yao. Nitasema hili tu: usimsahihishe mtu mzima mbele ya mkwewe.

Kisha tukaletewa sanduku la vitabu vya maktaba ya kijiji. Nilikuwa navipanga kwenye rafu nilipokiona. Kitabu cha yule mama na mwanawe. Nilisimama palepale na kufungua mwisho.

Kijana harudi. Anakuja mtu mgeni, amebeba koti, lile la kahawia ambalo kijana aliondoka nalo katika sura ya tatu. Mama analipokea, analipapasa mifuko, na anampa mgeni maji ya kunywa. Ndivyo kinavyoisha.

Nilikiandika kwenye daftari la vitabu, namba kumi na saba, nikakiweka rafu ya juu. Yeyote aliyekiomba nilimpa. Mimi mwenyewe sikushuka Mnazi. Miaka ilikwenda, na kila mwaka sababu yangu ilikuwa nzuri kuliko ya mwaka uliotangulia.

Nilipostaafu, wanakijiji waliniaga kwa soda na hotuba ya Mwalimu Elia, ambayo ilikuwa na vipindi viwili na dakika za nyongeza. Asubuhi iliyofuata nikashuka Mnazi. Bonifasi, ambaye sasa anaendesha lori la ushirika, alinichukua. Nilimkuta Bi Mwanaidi ameketi kivulini mwa nyumba yake, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, vidole vinasuka bila kuhitaji kutazama.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Agnesi wa redio." Hakuuliza. Alijua sauti.

Tuliongea habari za watu. Nilimwuliza juu ya Athumani, akatikisa kichwa. Kisha nikaanza kusema, nikaanza vibaya, nikataja betri, kipimo, nyeupe na nyekundu. Aliniacha nihangaike kidogo, halafu akasema:

"Mwanangu, ulisema koti la kijivu."

"Ndiyo, mama."

"Kijana yule aliondoka na koti moja, la kahawia. Sura ya tatu. Nililisuka mimi mwenyewe."

Vidole vyake havikuacha kusuka.

"Nilijua palepale mlangoni," akasema. "Lakini nilikuwa nimekuja mbali, na siku ile nilihitaji kurudi nyumbani na kitu. Nikachukua ulichonipa."

"Nikwambie sasa kilivyoisha?"

"Usiniambie!" Aliinua mkono. "Uliniambia mara moja, inatosha. Nisomee. Tangu mwanzo, kama yule mtu wa redioni, bila haraka. Siku hizi ninaweza kusikia. Wakati ule sikuweza."

Akaniita ndani, akanionyesha mkeka. Mashupatu ya sura zote yalikuwa yameshonwa, jekundu, kahawia, zambarau, isipokuwa ukingo mmoja, wa sura ya mwisho, ulioachwa wazi, sindano imechomekwa kwenye uzi. Aliukunja, akanikabidhi na sindano yake. Utakaa kwako, akasema. Siku ukimaliza, uulete, nami niumalizie.

Kukaa Mnazi kumsomea kitabu kizima sikuweza, ila mjukuu wake ana redio kaseti. Nilipanda kwa Rajabu, ambaye ameota mvi lakini bado anavaa suruali pana kuliko inavyohitajika, nikamwomba mashine ya kurekodia. Kanda tupu hazipatikani madukani siku hizi. Alisimama mbele ya rafu yake ya kanda za magitaa kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja, akachomoa sita.

"Futa, dada. Hizi nimeshazikariri."

Ndivyo ninavyosoma sasa, asubuhi, dirisha limefungwa ili jogoo asiingie kwenye sura. Mwanzoni mwa kanda ya pili nilichelewa kubonyeza, na kabla ya sauti yangu kuna gitaa la umeme linalia kama limebanwa na mlango. Bonifasi, anayezipeleka kanda kwa lori, anasema Bi Mwanaidi alilisikiliza gitaa lile hadi mwisho, kisha akauliza ni nani amemuudhi aliyelipiga. Anasema pia kwamba yeye mwenyewe alisimama kusikiliza sura mbili, lori likiwa na kabichi, na kwamba ananidai habari za sura ya nne. Nikamwambia asikilize kwa zamu kama watu wote.

Kanda tano zimeshuka. Ya sita iko hapa mezani, ndani ya mashine. Nimeibonyeza mara tatu. Kila mara nasoma hadi pale mgeni anapoonekana njiani, nashusha pumzi kama yule msomaji alivyokuwa akishusha, na sauti haitoki. Nimerudisha nyuma, nimefuta, nimeanza tena. Si kwamba maneno ni magumu. Mtu wa darasa la nne anayaweza.

Mkeka umekunjwa kwenye kiti, sindano iko ukingoni. Kesho ni gulio, na Bonifasi atapita saa nne kuuliza kama kanda iko tayari. Bi Mwanaidi alibeba betri ile kutoka msituni, mvua ikimnyeshea, asimwage hata tone. Mimi bado nadaiwa sura moja, kurasa kumi na moja.